Bibi harusi apangiwe pozi gani atoke anavutia bila kuaibika? Tuongee, hasa sisi wa Kampala

Lenzi ya Bombo

Wadau salaam. Hili limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Nilikuwa kwenye harusi moja upande wa ziwani kama mgeni tu, sikuwa kazini, bibi harusi anapigwa picha bustanini na kijana mwenye kamera nzuri kuliko yangu, na kila dakika anamwambia "nnyabo (mama) nipe seksi, seksi zaidi, legeza legeza". Yule dada kila akiambiwa legeza mabega yanapanda. Niliyaona yanapanda. Maua ameyabana mkononi kama mtu ameshika usukani kwenye mteremko, tabasamu limekwama pale pale, ssenga wake, yaani shangazi, kasimama nyuma na viatu vya kubadilisha, uso umekunjika. Dada mrembo, gauni la pesa nyingi, na picha zitatoka za mtu anayeogopa.

Nina miaka 9 napiga harusi, nimekulia Bombo, nikasoma kuchora Makerere pale shule ya sanaa ya Margaret Trowell kabla sijashika kamera, na kwa miaka yote hiyo nimeona mwili hauelewi sifa, mwili unaelewa kazi. Mwambie mtu "kuwa mtamu" ataganda. Mwambie "dada weka uzito wote mguu wa nyuma, goti la mbele lilegee, sasa toa pumzi kwa mdomo polepole, sasa tafuta kwa kidole kile kifungo cha mwisho mgongoni" utaona kiuno kimejikunja chenyewe, mdomo umefunguka kidogo, macho yameshuka kwa sababu anatafuta kifungo kweli, na hapo ndipo unabonyeza. Hakuna aliyemwambia neno seksi na picha ina joto ambalo mumewe ataliangalia miaka 30.

Naanza na uzito kwa sababu ndio mama wa yote. Mtu akisimama miguu miwili sawa sawa anaonekana nguzo. Uzito ukihamia mguu mmoja nyonga moja inapanda, bega la upande ule linashuka, uti wa mgongo unajipinda wenyewe. Wachongaji wa Ugiriki walishaliona hili karibu miaka 2500 iliyopita, kuna sanamu ya kijana kule Athens, makumbusho ya Akropoli, mwalimu wetu alikuwa anatuchoresha kutoka kwenye picha yake wiki nzima mpaka mikono inauma, na mimi kila harusi namkumbuka. Kilicho mbali na kamera kinapungua, kilicho karibu kinakua. Kwa hiyo ukitaka nyonga ipungue ipeleke nyuma, ukitaka ikue igeuzie kidogo kwangu. Na hapa Uganda wadada wengi wanataka ikue! Vitabu vya wenzetu wa Ulaya vinafundisha kupunguza tu, kupunguza tu, halafu kijana wa Kampala anakariri vile vile bila kumuuliza mwenye mwili. Muulize kwanza. Mimi huwa nauliza wiki moja kabla, kwa simu, nikiwa peke yangu naye: kitu gani cha mwili wako unakipenda, na kitu gani hutaki kukiona ukutani. Wanajibu wazi kabisa. Mmoja aliniambia "napenda shingo yangu, mama yangu alikuwa nayo". Siku hiyo nilipiga shingo.

Mikono ndiyo inaharibu picha nyingi kuliko kitu kingine. Mkono ukibanwa kwenye ubavu nyama inatandaa, mkono mwembamba unaonekana mnene mara mbili. Toa kiwiko nje kidogo mpaka mwanga upite kati ya mkono na kiuno, ule uwazi mdogo ndio unaomchora kiuno chake. Na kiganja usinionyeshe mgongo wake, nigeuzie upande wa kidole cha mwisho, vidole vigusane na kitu kwa ncha tu, kama unapima joto la chai kwenye kikombe. Mkono unaogusa kwa uzito unaonekana umechoka. Unaogusa kwa ncha unaonekana unahisi.

Karibuni mchangie, hasa wanaofanya kazi hii na hata mabibi harusi wenyewe.

---

Kijana wa Ntinda

Asante sana dada kwa kufungua hii mada, mimi naanza tu, nina harusi yangu ya 3 Jumamosi ijayo na nakiri hata mimi huwa nasema "legeza". Swali langu ni kuhusu bibi harusi mnene. Huyu wa Jumamosi ni mwanamke mkubwa, ananiambia kabisa "kaka nisitoke kama tembo". Nilimwambia nitatumia lenzi pana ili nimpige na bustani yote, nikafikiri atapotea potea kwa bustani. Nina body ya kropu, ile yenye sensa ndogo, lenzi ya milimita 18 kwa 55 na moja ya 50.

---

Lenzi ya Bombo

Ndugu yangu hapana, lenzi pana iache kwenye begi akiwa karibu. Ukiwa karibu na lenzi pana kitu kilicho mbele kinavimba na kilicho pembeni mwa fremu kinavutwa, ukimweka kando mkono wake utakuwa kama wa mpiga ngumi. Chukua hiyo 50, kwenye kropu inakuwa kama 75 au 80 hivi, ndio sehemu nzuri kabisa kwa uso na nusu mwili. Rudi nyuma hatua kadhaa. Umbali ndio unanyoosha mwili vizuri, lenzi inakata fremu tu.

Kimo cha kamera nacho. Kwa uso shikilia usawa wa macho yake au juu kidogo tu. Kwa mwili mzima usipige kutoka usawa wa macho yako wewe, shuka mpaka kamera iwe usawa wa kiuno chake, miguu itakuwa mirefu. Vijana wengi warefu wanapiga kutoka juu halafu dada anatoka kichwa kikubwa miguu mifupi, halafu dada analaumu gauni.

Kidevu sasa. Mwambie asogeze paji la uso kuelekea kwako, halafu ashushe kidevu kidogo sana. Kuna mpiga picha wa New York anaitwa Peter Hurley amelifundisha sana hili la taya, na kweli linafanya kazi, ngozi ya chini ya kidevu inavutika, mstari wa taya unatokea. Ukilifanya wewe mwenyewe mbele ya kioo unajiona kama kobe anatoka kwenye gamba, lakini kutoka mbele halionekani kabisa. Muonyeshe wewe kwanza mwilini mwako ndipo umwambie yeye afanye, asijione yuko peke yake.

Na kuhusu ukubwa. Mtu mkubwa ni laini, tumia ulaini. Mlaze ubavu kwenye kochi refu karibu na dirisha, kiwiko kwenye mto, gauni limwagike mbele ya kochi mpaka sakafuni. Hips iwe mlima. Kweli, iache iwe mlima, mwanga upite juu yake. Au mkalishe kwenye ukingo wa kiti, ukingo kabisa, asiegemee, maana akiegemea paja linatandaa na tumbo linakunjika. Magoti yageukie upande, mgongo mrefu, bega moja mbele. Nilimpiga mwanamke mmoja hivi mwaka jana huko Mukono, alipoiona kwenye skrini ya kamera alinyamaza, akaweka kidole kwenye skrini juu ya mstari wa nyonga yake akaufuata wote taratibu mpaka gotini. Hakusema kitu. Nilimwacha aangalie.

---

Shangazi wa Mengo

Wanangu nasoma hapa na nataka kusema kitu. Mimi ni ssenga, nimepeleka wasichana 6 wa ukoo wetu kwa waume zao, na kazi ya ssenga mnaijua, yale mambo ya chumbani sisi ndio tunayafundisha. Kwa hiyo msidhani napinga mwanamke kuvutia. Napinga anavutia mbele ya nani. Mwaka uliopita kijana wa kamera alimlaza mpwa wangu kwenye kitanda cha hoteli na gauni, mlango wazi, ndugu wa mume wanapita korido kwenda kula. Baba mkwe akaona. Hakusema neno, lakini tangu siku ile yule mtoto akimpigia magoti kumsalimu anahisi aibu, ameniambia mwenyewe kwa machozi. Ile picha ni nzuri, siikatai. Lakini imelipiwa bei kubwa kuliko mliyomtoza.

---

Lenzi ya Bombo

Shangazi nakupigia magoti nikikujibu. Umesema kitu ambacho wapiga picha wengi hatukifundishwi. Pole sana kwa mpwa wako.

Mimi siku hizi nagawa picha mafungu mawili tangu mwanzo. Za watu wote, zinapigwa mbele ya watu wote. Na za mume, zinapigwa asubuhi chumbani kabla ya meikapu kumalizika au baada ya gauni kuvaliwa, mlango umefungwa, ndani yuko yeye, mimi, na mtu mmoja anayemchagua yeye. Mara nyingi anamchagua ssenga. Na niwaambie wadau, ssenga akiwa ndani picha zinakuwa na joto zaidi! Kwa sababu bibi harusi ameshazungumza naye mambo yote, hana la kumficha, ssenga anamnong'oneza jambo kwa Luganda wanacheka wote wawili, na ule mcheko unaoishia kwenye kufumba macho hakuna pozi duniani linaufikia. Vijana wanamfukuza ssenga chumbani wakifikiri anabana, mimi namkalisha karibu na dirisha.

Halafu ruhusa. Nilifanya kazi miaka ya mwanzo kwa studio moja, tajiri wangu aliweka kwenye ukurasa wa studio picha ya mgongo wa bibi harusi, koseti haijafungwa, bila kumuuliza. Nilikuwa nimeipiga mimi. Yule dada alikuwa mwalimu, wazazi wa shule wakaiona. Alinipigia mimi, sio tajiri, kwa sababu mimi ndiye nilimwambia "hii ni ya mume wako tu". Nilikuwa nimemwahidi kwa mdomo wangu. Niliacha kazi pale mwezi huo huo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hapa Uganda, picha ya mtu ni habari yake binafsi, lakini hata isingekuwepo sheria, mimi sasa naandika kwenye karatasi: picha namba fulani mpaka fulani hazitoki kwa mtu yeyote, naye anatia saini na mimi natia saini. Akishajua zimefungwa mwili wake unafunguka. Nimeliona mara nyingi mno, dakika ile ile ya kusaini mabega yanashuka.

---

Mwanga wa Jinja

Mimi nichangie upande wa mwanga kwa sababu pozi bila mwanga ni kazi bure. Sisi tuko ikweta, Kampala iko nyuzi kama 0.3 tu kaskazini, saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili, pua inaweka kivuli mdomoni. Harusi zetu kanisa linaisha saa nane au tisa, jamu ya barabara inakula saa zima, halafu watu wanataka picha jua bado kali. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja karibu mwaka mzima, na linashuka wima, ukishaona rangi ya dhahabu huna muda mrefu. Mimi nawaambia maharusi waziwazi, nipeni saa kumi na mbili kasorobo mpaka jua lizame, MC na awape watu soda.

Mchana tafuta kivuli cha veranda chenye ukuta mweupe mbele yake, ule ukuta unarudisha mwanga laini usoni. Majani angalia, chini ya mti kwenye nyasi mbichi anatoka kijani chini ya kidevu, hasa mwenye ngozi ya maji ya kunde. Kitu watu hawajui ni udongo wetu mwekundu, mtu akisimama kivulini karibu na ardhi nyekundu yenye jua, mwanga unaoruka kutoka chini ni wa joto, ngozi inawaka vizuri sana. Gauni libebwe tu lisiguse.

Na ngozi nyeusi haiogopwi. Kamera inajaribu kufanya kila kitu kijivu cha kati, gauni jeupe likijaa fremu inazima mwanga dada anatoka makaa, bwana mwenye suti nyeusi akijaa inaongeza mwanga gauni linaungua halina hata uzi. Weka mwenyewe kwa mkono, linda gauni, piga RAW (faili ghafi la kamera), kisha inua ngozi taratibu. Hili tatizo lina historia, kampuni ya Kodak ilikuwa inapima rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley, mpaka katikati ya miaka ya 1990 ndipo wakatoa yenye wanawake wa rangi tatu. Mama zetu walipigwa harusi na filamu iliyopimwa kwa ngozi ya mtu mwingine. Nina picha ya mama yangu ya 1984, gauni linaonekana, meno yanaonekana, uso hauonekani. Ndiyo maana hii kazi naifanya kwa hasira nzuri.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao. Dirisha kubwa liwe ubavuni, mgeuze uso mpaka upande ulio karibu na kamera uwe na kivuli kidogo, utaona mstari wa mwanga umelala juu ya fupa la shavu, mwingine kwenye mtulinga, mwingine begani. Mafuta kidogo kwenye mtulinga na bega, hiyo tu. Poda nyeupe nyeupe kataeni, zile zenye silika flashi ikiwaka uso unatoka umepakwa chokaa.

---

Mugole wa Desemba

Jamani mimi ndiye bibi harusi, sio mpiga picha, Kiswahili changu ni cha jeshini, baba alikuwa mwanajeshi, mnisamehe. Nina kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mume kwa familia yangu, mwezi wa kumi na moja na harusi Desemba. Gauni jeupe sina shida nalo. Shida ni gomesi, vazi letu la Kiganda. Kila picha ya kwanjula naona dada mzuri amekuwa kama hema, mabega yale yamesimama, kitambaa kimejaa. Mpiga picha wangu ananiambia gomesi haiwezi kuvutia, eti tusubiri nguo ya pili ya mushanana maana mama yangu ni wa Mbarara. Ni kweli? Mimi gomesi naipenda, jjajja, yaani nyanya yangu, ndiye amenishonea.

---

Lenzi ya Bombo

Dada hongera sana, na huyo mpiga picha wako mwambie kwa upole hajaiangalia gomesi vizuri. Hilo vazi lilitengenezwa na mtu aliyejua mwanamke. Linasemwa lilianza Gayaza kwenye shule ya wasichana mwanzoni mwa miaka ya 1900 na fundi Mgoa, mtu wa Goa kule India, aliyeitwa Gomes, ndio jina likabaki. Kitambaa kinaweza kufika mita 6. Ndani unafunga kikooyi, kitambaa cha ndani, ili hariri isinate mwilini na hips ijae. Yaani lenyewe limeshafanya kazi ya pozi, wewe usilipinge tu.

Kwanza usisimame umekabili kamera moja kwa moja, hapo ndipo hema linatokea, mabega mawili mapana na chini kupana. Geuka robo. Bega moja la gomesi liende mbele, lile lenye ncha, ule mstari wake unapanda kama bawa na shingo yako inatokea kati ya mabega mawili ndefu kabisa. Shingo ya mraba ya gomesi ni zawadi, mtulinga wote uko wazi, usiufunike kwa mkufu mkubwa wa bandia. Vifungo viko kushoto, kwa hiyo mwambie mpiga picha akupige upande ule vinapoonekana.

Kisha kile kitambaa cha kiunoni. Hapo ndipo pa mvuto. Kinafungwa chini ya kiuno, kinakaa juu ya nyonga, fundo mbele na ncha zinaning'inia. Uhamishe uzito mguu wa nyuma na kile kitambaa kitalala mshazari, kitaeleza nyonga yako bila kuonyesha kitu. Weka vidole viwili tu juu ya fundo. Usilishike, liguse. Angalia chini kwenye fundo, toa pumzi, kisha inua macho peke yake, kichwa kibaki chini. Nimepiga hiyo mara nyingi sana na bado kila mara napata baridi mgongoni.

Na usisahau kupiga magoti. Mgeni atafikiri ni unyonge lakini kwenye picha, kamera ikishuka chini mpaka usawa wa kifua chako, wewe umekaa ubavu kwenye mkeka na hariri yote imetandaa kukuzunguka kama maji, unaonekana mwenye nyumba. Mwambie mpiga picha wako asiipige kutoka juu. Akipiga kutoka juu anakufanya mtoto.

Mushanana nayo ina uzuri wake, bega moja wazi, kitambaa chepesi kinapepea. Pale mkono mmoja ushike pindo karibu na bega kwa ncha za vidole, tembea taratibu umempa mgongo, geuza uso tu juu ya bega lililo wazi. Kidevu kisiguse bega, kiwe karibu. Lakini usiiache gomesi ya jjajja. Na jjajja mwenyewe akikufunga lile fundo, mpigwe. Mikono ya mzee juu ya kiuno cha bibi harusi, mimi hiyo sijawahi kuona haijatoka.

---

Mama Hina

Assalam alaykum. Dada wa Bombo nakujua kwa maneno yako tu, nadhani sisi majirani. Mie napaka hina Kisenyi na Old Kampala. Wapo maharusi wa Kiislamu wanaotaka picha za mume wao na hawataki hata nywele moja itoke nje. Wanaogopa kuuliza wapiga picha, wanaishia kupigwa za kusimama tu kama za pasipoti. Nawaambia nini?

---

Lenzi ya Bombo

Waalaykum salaam mama. Waambie mambo mawili. Chumba cha wanawake, mpiga picha mwanamke, simu zote zinaachwa kwenye kikapu mlangoni pamoja na ya kwangu. Kadi ya kamera inatoka inaingia kwenye mkono wake yeye nikishamaliza kusafisha picha, nami sibaki na nakala.

Na wakitaka kujifunika pia inawezekana kabisa, wala si pungufu. Nilimpiga bibi harusi wa kwetu amevaa gurbaba, vazi letu wanawake wa Kinubi, na amejitanda mpaka nywele zote, hakuna ngozi iliyoonekana isipokuwa uso na mikono, ndiyo picha yenye joto kuliko zote nilizowahi kupiga. Hina yako mama ndiyo iliyoipiga. Nilimwambia apandishe mikono miwili afunike mdomo na ule mtandio, halafu amfikirie mumewe anasema nini akiingia. Macho yakacheka kabla ya kitu kingine. Vidole vimetengana kidogo, hina imeishia pale kwenye kucha nyeusi nyeusi, na kitambaa kilikuwa kinasogea na pumzi yake, kinaingia kinatoka. Niliongeza spidi ya shata nikasubiri kile kitambaa kiingie. Ilikuwa picha moja tu kati ya kama arobaini.

---

Bwana Harusi Mtulivu

Na sisi waume je, mimi nikiwekwa pembeni ya mke wangu mikono sijui niipeleke wapi. Nitavaa kanzu na koti siku ya kwanza, suti siku ya pili.

---

Lenzi ya Bombo

Kaka usiipeleke mbali. Kiganja kimoja kibapa kwenye mgongo wake chini, vidole pamoja, usitandaze kama unashika mpira. Nyonga zenu ziguse kwanza, vifua viachane kidogo, hapo kiuno chake kinaonekana. Mkisogeza vifua kwanza mnatoka kama watu wanaagana stendi.

Usimbusu. Yaani msifike. Pua yako iguse shavu lake, midomo iwe mbali upana wa kidole, mfumbe macho, mkae hapo mhesabu pumzi tano. Midomo ikigusana inabanwa bapa, sura inakunjika, na hamu imeshaisha. Kabla haijagusana kila kitu bado kinakuja. Na mwambie kitu sikioni, kitu cha ukweli, siku ya kwanza ulipomuona ulifikiri nini. Usimwambie utani wa mpiga picha. Mimi nitakuwa mbali na lenzi ndefu, sitasikia.

Mbele ya wazee hiyo usifanye. Mbele ya wazee shikeni mikono mtembee, mke hatua nusu mbele, ageuke akuangalie. Inatosha kabisa.

---

Kijana wa Ntinda

Nimerudi wakuu. Harusi imepita jana. Sikusema legeza hata mara moja. Mvua ilitupiga kuanzia saa tisa, bustani ikafa, nikaomba chumba cha juu chenye dirisha linaloangalia mashariki, halina jua jioni lakini mwanga ulikuwa laini. Kochi halikuwepo. Nikamkalisha ukingoni mwa kiti cha plastiki, nikakifunika chote kwa gauni, nikaweka 50 nikarudi nyuma mpaka mgongo wangu uko ukutani. Dada yake mkubwa akawa anamfunga koseti, nikamwambia bibi harusi atafute kifungo cha mwisho kwa kidole kama ulivyosema. Akakitafuta. Hakukipata, akaanza kucheka akageuza kichwa kumwangalia dada yake, shingo ikajinyoosha yote, nikabonyeza.

Ile na nyingine ya dirishani ndio bora nilizowahi kupiga. Leo asubuhi mama yake amenipigia, ameona moja kwenye simu ya binti anataka aitundike sebuleni.

---

Lenzi ya Bombo

Mungu akubariki kaka, umenifurahisha mno. Mama anataka ipi? Na bibi harusi umemuuliza?

---

Kijana wa Ntinda

Nimemuuliza kabla sijamjibu mama. Amesema ile ya kifungo mama apewe, kubwa, na fremu atalipa yeye. Ile ya dirishani hataki itoke. Nimeshaihamisha kwenye flashi diski yake na kwangu nimefuta.

---

Shangazi wa Mengo

Kijana, namba yako naiomba inboksi. Nina binti mwingine Februari.